Namna Wahudumu wa Soba Wanavyozungumza na Wakazi ni Jambo Linalopimika

Ukisoma taarifa ya mwaka ya nyumba ya upataji nafuu kwa waraibu wa dawa za kulevya, yaani soba, iwe Unguja, Tanga au Mombasa, utakuta idadi ya watu waliopokelewa, idadi ya waliomaliza muda wao, idadi ya waliotoroka, na pengine idadi ya vikao vya ushauri nasaha vilivyofanyika. Hutakuta mahali palipoandikwa namna mhudumu wa zamu alivyomjibu kijana aliyemgongea mlango saa nane za usiku kwa sababu arosto, yale maumivu ya mwili uliozoea dawa na kuikosa, ilikuwa imemzidi. Wasimamizi wengi huliona jambo hilo kuwa ni suala la tabia ya mtu na malezi yake, lisilo na nafasi katika majedwali. Mimi naamini kwamba jibu lile ni sehemu ya tiba yenyewe, kwamba linaweza kupimwa kwa njia zinazoaminika, na kwamba nyumba isiyolipima haijui hasa inatoa huduma gani.

Jambo hili linanigusa kwa namna mbili. Ndugu yangu wa tumbo moja amepitia nyumba hizi, na kazi yangu mwenyewe ni kukusanya na kuchambua takwimu za huduma za afya. Kwa hiyo nimeziona nyumba hizi kutoka kwenye kiti cha mgeni anayekuja na mfuko wa sabuni na sukari siku ya kutembelea wakazi, na pia kutoka nyuma ya daftari la mtu anayehesabu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia ndani ya soba, nieleze kwa ufupi. Mkazi huingia, mara nyingi akiletwa na familia inayomlipia ada, hupita siku za arosto, kisha hukaa miezi kadhaa akifuata ratiba: kuamka alfajiri, usafi, mkutano wa asubuhi, masomo ya Hatua Kumi na Mbili za Narcotics Anonymous (umoja wa waraibu wanaosaidiana kuacha), chakula, kazi za mikono, mkutano wa jioni. Wahudumu wengi ni watu ambao wenyewe walitumia unga, yaani heroini, wakaacha, wakabaki kuwasaidia wenzao. Hali hii ni tofauti na kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, kama ile iliyoanza katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, ambako mteja hufika, hunywa dozi yake mbele ya mtoa huduma, na kurudi kwake. Anayeishi soba harudi popote. Mhudumu ndiye anayemwamsha, ndiye anayegawa chakula, ndiye anayeshika simu, ndiye anayeamua kama kuchelewa kwake mkutanoni ni uvivu au ni homa. Kikao cha ushauri nasaha kinaweza kuchukua saa moja kwa wiki. Saa zote zilizobaki zimejaa maneno madogo madogo ya wahudumu, na ni katika saa hizo mkazi huamua kama atabaki au ataruka ukuta.

Ukali ambao baadhi ya nyumba huuona kuwa ndiyo tiba una historia yake, na inafaa tuijue. Mwaka 1958, huko California, Marekani, Charles Dederich alianzisha jumuiya iliyoitwa Synanon, ambamo waraibu wa heroini waliishi pamoja bila madaktari na kusaidiana kuacha. Kiini cha maisha yao kilikuwa kikao walichokiita Mchezo: watu waliketi kwa duara, wakamchagua mmoja, wakamshambulia kwa maneno makali mpaka uongo wake wote uanikwe. Kutoka Synanon, na kutoka nyumba zilizoiga mfano wake kama Daytop iliyoanza New York mwaka 1963, mtindo huo ulienea nchi nyingi. Synanon yenyewe iliishia vibaya, katika vurugu na mashauri ya mahakamani, lakini wazo lake lilibaki hai: kwamba mraibu amejificha nyuma ya ukuta wa uongo, na kwamba ukuta huo hauna budi kubomolewa kwa nguvu. Nimeliona wazo hilo likitenda kazi katika nyumba ambazo wahudumu wake hawajawahi kusikia jina la Synanon. Mkazi anasimamishwa mbele ya wenzake aeleze alivyomwibia mama yake. Anacheka kwa aibu. Anaambiwa kucheka kwake ni ushahidi kwamba bado ni teja. Ukimuuliza mhudumu baadaye kwa nini alifanya vile, atakujibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba yeye alifanyiwa hivyo hivyo na leo ni mzima. Hasemi uongo. Ila wale waliofanyiwa hivyo hivyo wakaondoka na kurudia kutumia hawapo pale kutoa ushuhuda wao.

Utafiti umelijibu swali hili kwa uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1980 William Miller na wenzake, huko New Mexico, walichapisha matokeo ya tiba ya watu wenye tatizo la pombe iliyotolewa na washauri 9. Wasimamizi wa mafunzo waliwaangalia washauri hao wakifanya kazi na kuwapanga kwa kadiri kila mmoja alivyoweza kumsikiliza mtu na kumwelewa kutoka pale alipo. Baada ya miezi sita hivi, mpangilio huo ulieleza takriban theluthi mbili ya tofauti iliyokuwepo kati ya mshauri na mshauri katika kiasi ambacho wateja wao waliendelea kunywa. Baada ya mwaka mmoja ilikuwa nusu, na baada ya miaka miwili bado ilikuwa robo. Wateja wote walikuwa wamepewa tiba iliyoandikwa katika mwongozo. Kilichotofautiana ni mtu aliyeitoa. Mwaka 1993 Miller, akiwa na Benefield na Tonigan, alirudi kwenye jambo hilo kwa wanywaji 42, safari hii wakihesabu maneno ya mshauri ndani ya kikao, na wakakuta kwamba kadiri mshauri alivyombana na kumkabili mteja, ndivyo mteja alivyokuwa akinywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Ni kweli kwamba watu hao hawakuwa wakazi wa nyumba za tiba, na pombe si unga. Pia inawezekana kwamba mteja mgumu humfanya mshauri kuwa mkali. Hata hivyo, katika utafiti wa 1993 mtindo wa mshauri ulipangwa kwa bahati nasibu, na mtindo wa kukabili ndio ulioibua ubishi mwingi zaidi kutoka kwa wateja. Sijapata ushahidi wa uzito kama huo upande wa ukali.

Sasa, je, jambo hili linapimwaje ndani ya nyumba wanamoishi watu, ambako hakuna kioo cha kuchungulia wala kinasa sauti?

Njia ya zamani zaidi ni kuwauliza wanaoishi humo. Katika miaka ya 1970 Rudolf Moos wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandaa hojaji ya sentensi 100 za kujibiwa kweli au si kweli, kwa ajili ya programu za tiba katika jamii, inayogawa hali ya nyumba katika maeneo 10. Ninachokithamini zaidi katika kazi yake ni kwamba msaada wanaopewa wakazi na udhibiti wanaowekewa na wahudumu vilipimwa kama vitu viwili vilivyo mbalimbali. Katika mazungumzo yetu vitu hivyo huchanganywa kila mara. Ukisema wahudumu wawe na upole, mtu atakujibu kwamba nyumba itakuwa danguro, unga utaingia, watu watalala mpaka saa nne. Hofu hiyo haina msingi katika vipimo. Nyumba inaweza kuwa na sheria kali na msaada mkubwa. Inaweza kuwa na sheria kali bila msaada. Na ipo pia nyumba legevu ambayo wahudumu wake hawamjali mtu, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Nitoe mfano wa jambo linalotokea kila wiki. Mkazi anamwendea mhudumu: "Kaka, naomba nipige simu nyumbani, mama anaumwa." Mhudumu wa kwanza anajibu: "Simu ni Jumamosi. Utaratibu unaujua." Mhudumu wa pili anajibu: "Pole sana, mdogo wangu. Anaumwa nini mama? Simu ni Jumamosi na mimi peke yangu siwezi kuvunja utaratibu, lakini nitamuuliza msimamizi saa hii hii, na jibu nitakuletea kabla ya chakula." Wote wawili wamelinda sheria. Hakuna simu iliyopigwa. Lakini mkazi wa pili amejua kwamba shida yake imesikika, ameelezwa sababu, na amepewa ahadi yenye muda, ambayo yeye mwenyewe anaweza kuona kama imetimizwa. Mtu yeyote aliyekaa kona ya chumba kile angeweza kuyaandika majibu haya mawili na kuyatofautisha, tena bila kumwuliza yeyote anajisikiaje.

Hiyo ndiyo njia ya pili, ya kukaa na kuangalia. Huko Uingereza, mwaka 1993, Dean, Proudfoot na Lindesay walichapisha utaratibu wa kuandika mazungumzo kati ya wahudumu na wazee katika nyumba za matunzo. Kila tukio huwekwa katika moja ya makundi matano: mazungumzo ya kiutu, huduma inayotolewa kwa ukarimu, tendo lisilo na joto wala baridi, kumzuia mtu kwa nia ya kumlinda bila kumweleza, na kumzuia au kumpuuza kwa ukali. Utaratibu huo haukuandaliwa kwa ajili ya waraibu, lakini naona unafaa kuliko vingi vilivyoandaliwa kwa ajili yao, kwa sababu unaangalia jikoni, barazani na mlangoni, wakati vipimo vya ushauri nasaha huangalia chumba cha ushauri peke yake. Katika soba ningeongeza mambo mawili: nani alianza mazungumzo, na nani mwingine alikuwa akisikia. Karipio la faraghani na karipio la mbele ya watu ishirini si tendo moja, hata kama maneno yake ni yale yale.

Kazi ya kuangalia ina magumu yake, na la kwanza ni kwamba waangaliaji wawili hawaoni kitu kimoja. Watu wengi huridhika wakisikia kwamba wawili walikubaliana kwa asilimia 76 ya matukio. Tufanye hesabu. Matukio mengi ya siku ni ya kawaida tu: "Sogeza benchi", "Leta ndoo." Tuseme kila mwangaliaji ameandika "kawaida" katika asilimia 80 ya matukio na "si kawaida" katika asilimia 20. Hata kama wangekuwa wanaandika kwa kubahatisha, wangekubaliana kwa asilimia 68. Kipimo cha kapa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa makubaliano hayo ya bahati, na katika mfano huu kinabaki 0.25 tu, pale ambapo 1 ni makubaliano kamili. Kwa hiyo asilimia 76 iliyoonekana nzuri ni dalili kwamba waangaliaji hawajaelewana bado karipio ni nini. Dawa yake ni mazoezi: wakae pamoja, waandike tukio lile lile, walinganishe, wabishane, waandike upya maelezo ya kila kundi, warudie. Ni kazi ya siku kadhaa, na nyumba nyingi hazijawahi kupewa bajeti ya siku hizo.

Gumu la pili ni kwamba wahudumu hubadilika wakijua wanaangaliwa. Hili husemwa kana kwamba linabatilisha kazi nzima, nami sikubali. Kwanza, mazoea ya sauti na maneno ni magumu kuyazuia kwa muda mrefu. Mtu huanza kwa tahadhari, kisha kazi humzidi, naye hurudi katika hali yake. Pili, mhudumu akijitahidi kadiri awezavyo mbele ya mgeni na bado akamwita mtu mzima "wewe teja", tumejua jambo la maana sana. Muhimu ni kuchagua nyakati vizuri. Vipindi vya dakika 15 vilivyotawanywa katika siku, vikiwemo vya wakati wa kuamka, wa kugawa chakula, wa kupokea mkazi mpya na wa usiku, vitaeleza zaidi kuliko nusu siku nzima ya kukaa katika mkutano wa asubuhi, ambao kila mtu anajua namna ya kuuendesha mbele ya wageni.

Kuhusu kuwauliza wakazi, tatizo la kwetu lina sura yake. Mtu aliyefunzwa kutomsema vibaya mwenyeji wake, ambaye familia yake inahangaika kulipa ada, na ambaye mhudumu anayelalamikiwa ndiye atakayempakulia chakula jioni, atakujibu kwamba tunamshukuru Mungu, tunaishi vizuri. Ukimpa mizani ya 1 mpaka 5 atachagua 5. Majibu ya namna hiyo yakijaa kwenye karatasi, msimamizi hufurahi, na wafadhili hufurahi pia, na hakuna kilichojulikana. Nimeona kwamba maswali ya matukio hupata majibu bora kuliko maswali ya kuridhika. Wiki hii kuna mhudumu aliyekuuliza habari za nyumbani kwako? Mara ya mwisho ulipokosea, uliambiwa ukiwa peke yako au mbele ya wenzako? Ulipomwambia mhudumu kwamba unatamani kutumia, alifanya nini? Swali hili la tatu ndilo ninalolipa uzito wa kwanza. Mkazi anayesema hajawahi kumwambia mhudumu jambo hilo, ilhali amekaa pale miezi miwili, ametueleza habari ya nyumba nzima kwa sentensi moja.

Maswali haya yaulizwe na mtu asiye wa nyumba ile, kwa sauti, kwa kuwa si wote wanaosoma kwa wepesi, na wasimamizi wasiwe karibu. Yasiulizwe katika siku za arosto, ambapo mtu humchukia kila anayemsogelea. Wiki ya tatu hivi inafaa, kisha tena kabla ya kuondoka. Nyumba ikiwa na wakazi kumi na wawili, majibu ya mmoja mmoja yasionyeshwe kwa yeyote, kwa maana katika watu kumi na wawili kila mtu anajua nani anazungumza namna gani. Na watafutwe waliokwisha kuondoka kabla ya muda wao. Najua ni kazi ngumu, wengine wamerudi maskani, wengine hawana simu. Lakini takwimu zinazokusanywa kwa waliobaki peke yao zina kasoro ile ile ya mhudumu anayesema ukali ulimponya.

Lipo jambo ambalo Moos alilikuta tangu mwanzo na ambalo linafaa kupewa nafasi yake: wahudumu na wakazi wakijazishwa hojaji ile ile, wahudumu kwa kawaida huiona nyumba kuwa na msaada zaidi kuliko wakazi wanavyoiona. Nisingependa tofauti hiyo itumike kuwaumbua wahudumu. Katika nyumba nilizozifahamu, mhudumu hulala palepale, hupata mapumziko machache, hulipwa kidogo, na wakati mwingine hupambana na tamaa yake mwenyewe ya unga huku akimtuliza mwenzake. Mtu huyo anakumbuka nia yake. Mkazi anakumbuka sauti yake. Kwa sababu hiyo ningependa kipimo kiandike pia saa za zamu, idadi ya wakazi kwa kila mhudumu, na kama mhudumu ana mtu wa kumweleza yanayomsibu. Nyumba ambayo maneno makali yanaongezeka baada ya saa tatu usiku ina tatizo la zamu kabla ya kuwa na tatizo la tabia, na kumfukuza mhudumu mmoja hakutalitatua.

Matumizi ya matokeo ndiyo yanayoamua kama kipimo kitadumu. Majina yakipelekwa kwa mwenye nyumba, safari ya pili utaangalia maigizo matupu. Njia ninayoiona kuwa ya haki ni kuwarudishia wahudumu matokeo ya nyumba nzima ndani ya siku chache, wakiwa wameketi pamoja, kisha wao wenyewe wachague wakati mmoja wa siku wa kuufanyia kazi. Tuseme wamechagua mapokezi ya mkazi mpya: wakubaliane nani atampokea, ataambiwa nini kuhusu arosto, mizigo yake itapekuliwaje bila kumvunjia heshima mbele ya mzazi wake. Baada ya miezi mitatu wakati huo huo upimwe tena. Mambo mawili tu hayaingii katika utaratibu huu wa kujifunza taratibu: kipigo na kufunga watu minyororo. Hayo si mtindo wa mazungumzo, na anayeyaona wakati wa kupima ana wajibu wa kuyapeleka kwenye mamlaka siku hiyo hiyo.

Mamlaka zipo. Tanzania Bara ina Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Kenya ina NACADA, mamlaka yake ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na Zanzibar ina chombo chake. Viwango vya kimataifa vya tiba ya uraibu, vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayohusika na dawa za kulevya na uhalifu na kurekebishwa mwaka 2020, vinataka tiba iheshimu haki na utu wa mtu. Ukaguzi ninaoufahamu huanzia kwenye vitanda, vyoo, jiko, vyeti na vizima moto, na vyote hivyo ni vya lazima. Ninachoomba ni ukurasa mmoja zaidi katika fomu ya mkaguzi, wenye makundi matano ya kuandika yanayosemwa wakati wa chakula cha mchana, maswali matatu ya kuwauliza wakazi bila msimamizi kuwepo, na nafasi ya kuandika mhudumu wa zamu ya usiku amekuwa macho tangu saa ngapi.